Habari za kongamano la madaktari zilipotua Umoja

Ilikuwa jioni ya Jumanne, Juni 7, 2022, wakati ujumbe ulipoingia katika kikundi cha WhatsApp cha ukoo wetu. Uliletwa na binamu yangu auzaye vipuri vya magari katikati ya jiji, naye aliutoa kwa rafiki, aliyeutoa kwa rafiki mwingine. Ulikuwa wa herufi kubwa tupu na ulianza hivi: DAWA YA SARATANI IMEPATIKANA. WAGONJWA WOTE WAMEPONA, ASILIMIA 100. Chini yake palikuwa na picha ya ukumbi wenye skrini kubwa iliyojaa mistari na nambari, na ombi kwamba kila awapendaye jamaa zake autume kwa watu 10.

Kwa kawaida ujumbe wa namna hii hupita kama upepo. Tumezoea kuambiwa kwamba ndimu na magadi huponya kila kitu, na tumezoea kunyamaza ili tusimvunjie heshima mkubwa aliyeuleta. Lakini jioni hiyo ukoo ulikuwa na mgonjwa. Mjomba wangu, karani mstaafu wa posta anayeishi mtaani Umoja jijini Nairobi, alikuwa amegunduliwa mwezi wa Aprili kuwa na saratani ya puru, yaani ile sehemu ya mwisho kabisa ya utumbo mpana. Alikuwa amepangiwa kuanza kuchomwa kwa mionzi Jumatatu iliyofuata, Juni 13. Baada ya mionzi ingekuja kemotherapi, kisha upasuaji, na daktari alikuwa amemweleza bila kumficha kwamba huenda angelazimika kuishi na mfuko wa choo tumboni maisha yake yote.

Na ujumbe ule ulitaja saratani hiyo hiyo ya puru. Ulisema waliotibiwa hawakuchomwa mionzi, hawakupewa kemotherapi, wala hawakupasuliwa.

Mfa maji hukamata maji. Kabla ya saa nne za usiku mjomba alikuwa amekata shauri kwamba haendi kwenye mionzi. Kufikia Jumamosi dalali alikuwa ameshapelekwa Kitengela kuitazama ploti ambayo mjomba aliinunua kwa malipo yake ya kustaafu, na shemeji mmoja alikuwa akiulizia nauli za ndege za kwenda India. Mimi mwenyewe, ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali na kulipwa kwa kuyauliza, sikuuliza lolote. Nilituma vile vidole gumba na mikono ya sala kama wengine.

Lililonishangaza baadaye, na ndilo lililonisukuma kuandika makala haya, ni kwamba ujumbe ule haukuwa wa uongo.

Ukumbi wa Chicago

Kila mwaka, mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni, makumi ya maelfu ya wataalamu wa saratani hukusanyika katika jumba la McCormick Place mjini Chicago, Marekani, kwa kongamano la Chama cha Wataalamu wa Saratani cha Marekani, kijulikanacho kwa kifupi kama ASCO. Jumapili, Juni 5, 2022, Dkt Andrea Cercek wa hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York aliwasilisha hapo matokeo ya utafiti wa dawa iitwayo dostarlimab. Wagonjwa 12 wa saratani ya puru walikuwa wamedungwa dawa hiyo kila baada ya wiki tatu kwa muda wa miezi sita. Wote 12, uvimbe ulitoweka. Ulitafutwa kwa macho, kwa kamera ya tumboni, kwa picha za mashine na kwa kukata vipande vya nyama, na haukuonekana. Siku hiyo hiyo utafiti huo ulichapishwa katika jarida maarufu la New England Journal of Medicine.

Sasa, msomaji, hebu mfikirie aliyeketi katika ukumbi kama ule. Mkononi ana simu. Slaidi inapoonyeshwa, simu zinainuliwa kwa mamia, mithili ya harusini bibi harusi anapoingia. Picha inapigwa, maneno machache yanaongezwa, kisha inawekwa ile alama ya reli pamoja na jina la kongamano na mwaka, ili kila anayefuatilia mkutano huo duniani aione. Mzungumzaji hajaimaliza sentensi yake na tayari slaidi iko Nairobi. Chicago iko nyuma yetu kwa saa nane mwezi wa Juni. Mkutano wa mchana kule ni habari za usiku huku.

Kutoka kwa madaktari habari huchukuliwa na magazeti, kutoka kwa magazeti na vituo vya redio, na kutoka huko huingia WhatsApp. Ni katika safari hiyo ndipo mizigo midogo huangushwa njiani. Ule ujumbe wetu ulifika na asilimia 100, ukiwa umeangusha idadi ya watu, ambayo ni 12. Uliangusha pia neno moja la kitaalamu lililokuwa ndilo kiini cha utafiti wote: kwamba wagonjwa wale walichaguliwa kwa sababu uvimbe wao ulikuwa wa aina ya pekee, iitwayo dMMR.

Nieleze kidogo, kwa maana hapa ndipo penye utamu. Chembechembe za mwili zinapogawanyika hunakili maandishi yake ya urithi, na kama mpiga chapa yeyote, hukosea hapa na pale. Ndani yake mna fundi wa kusahihisha. Katika uvimbe wa aina ya dMMR fundi huyo hayupo, hivyo makosa hurundikana kwa wingi mno. Uvimbe wenye makosa mengi huonekana mgeni machoni pa askari wa mwili, lakini uvimbe nao hujua kuwafunga breki askari hao. Dostarlimab huiondoa breki hiyo, na askari humaliza kazi wenyewe. Kwa uvimbe usio na makosa mengi, kuondoa breki peke yake aghalabu hakusaidii kitu, kwa sababu askari hawamwoni adui. Na katika kila wagonjwa 100 wa saratani ya puru, wenye uvimbe wa dMMR ni kati ya watano na 10 tu.

Kwa ufupi, mlango ulifunguka Chicago kweli, ila ulikuwa mwembamba. Hata tahariri ya jarida lile lile lililochapisha utafiti huo ilionya kwamba muda uliopita ulikuwa mfupi, na kwamba haikujulikana kama uvimbe ungerudi.

Zamani ya mfuko wa karatasi

Wazee wa taaluma hii wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Daktari aliyebahatika kupata tiketi ya kwenda ng'ambo alirudi na mfuko wa nguo ulioandikwa jina la kongamano, ndani yake kitabu kinene cha mihtasari, kalamu za makampuni ya dawa na pengine kikombe. Wenzake wakaazima kitabu hicho hadi kikachanika jalada. Utafiti kamili ulisubiriwa katika majarida kwa miezi, na majarida nayo yalifika maktaba zetu yakiwa yamechelewa.

Majarida yenyewe yalikuwa na wivu. Mwaka wa 1969, Dkt Franz Ingelfinger, mhariri wa New England Journal of Medicine, aliweka sheria iliyokuja kuitwa kwa jina lake: jarida lisingechapisha utafiti ambao tayari umetangazwa kwingine. Kuzungumza katika kongamano kuliruhusiwa, lakini watafiti wengi walijifunza kufunga midomo nje ya ukumbi, na waandishi wa habari wakafundishwa kusubiri saa waliyopangiwa.

Kisha ikaja Twitter mwaka wa 2006, na mwaka uliofuata Mmarekani Chris Messina akapendekeza alama ya reli itumike kukusanya mazungumzo ya jambo moja pamoja. Madaktari hawakuwa wepesi kuingia. Watafiti waliohesabu jumbe za kongamano lile lile la Chicago waliwapata madaktari 14 tu waliokuwa wakiandika mwaka wa 2010, na 34 mwaka wa 2011. Katika umati wa makumi ya maelfu, hao ni kama chumvi kwenye sufuria ya ugali. Leo kongamano la kitabibu lisilo na alama yake ya reli ni adimu. Huchapishwa kwenye bango mlangoni na kwenye kadi za majina shingoni mwa wajumbe.

Hapa kwetu pia mambo ni hayo hayo. Niliwahi kuketi nyuma ya ukumbi wa hoteli moja ya pwani ambako wauguzi na madaktari walikuwa wakijadili afya ya akina mama. Nilihesabu simu zilizoinuliwa hadi nikachoka. Ni haki pia niseme kwamba jioni, nilipofungua alama ya reli ya mkutano huo, picha za sambusa na za bahari zilizishinda kwa mbali zile za slaidi.

Marufuku ya picha

Si kila mwandalizi aliyefurahia. Juni 2017, Chama cha Kisukari cha Marekani kilifanya kongamano lake San Diego na kupiga marufuku upigaji picha wa slaidi. Wajumbe walipiga. Chama kikaanza kuwaandikia mmoja mmoja, hadharani, kikiwataka wafute walichokituma. Badala ya kutii, wengi waliigeuza marufuku hiyo kuwa mzaha na hasira kwa pamoja, na kwa siku kadhaa watu walizungumza juu ya marufuku kuliko kisukari. Mwaka uliofuata sheria hiyo ililegezwa.

Binafsi sioni kwamba chama kile kilikosea kwa kila jambo. Slaidi ni kazi ya mtu. Wakati mwingine ina matokeo ambayo hayajakaguliwa na wataalamu wengine, na mtafiti anayo haki ya kuhofia kwamba nusu ya kazi yake itatembea bila nusu ya pili. Isitoshe, kuna slaidi ambazo hazifai kabisa kutoka ukumbini. Daktari wa upasuaji anapowaonyesha wenzake picha ya kidonda au ya uso wa mgonjwa, mgonjwa huyo alikubali, kama aliulizwa, kuonwa na madaktari. Je, alikubali kuonwa na jirani yake kwenye simu? Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 huzihesabu habari za afya ya mtu miongoni mwa zile nyeti, na haisemi kwamba aliyeketi safu ya tano na simu yake amesamehewa.

Wasiofika

Hata hivyo, anayetaka simu zizimwe ukumbini huwa mara nyingi ni yule aliyemo ukumbini. Kwa wasiofika, hadithi ni nyingine.

Tiketi ya kwenda Chicago au Paris, hoteli na ada ya kujiandikisha hula mishahara ya miezi kadhaa ya daktari wa hospitali ya kaunti. Na hata mwenye fedha hukutana na visa. Kongamano la Kimataifa la Ukimwi lilipofanyika Montreal, Kanada, kati ya Julai 29 na Agosti 2, 2022, mamia ya wajumbe, wengi wao Waafrika, walinyimwa visa au walicheleweshewa hadi siku zikapita. Winnie Byanyima, raia wa Uganda ambaye wakati huo alikuwa akiongoza shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na Ukimwi, aliandika kwenye Twitter akiwa uwanja wa ndege wa Geneva kwamba nusura azuiwe kupanda ndege, na hakusita kuuita udhalimu huo kwa jina lake. Kilio hicho kilisikika duniani kwa sababu kilitumwa kutoka mlangoni pa ndege. Kwa barua rasmi kingefika siku ya kufunga mkutano.

Kuna madaktari waliolitambua jambo hili mapema. Machi 2013, wataalamu wa wagonjwa mahututi wa Australia waliitisha Sydney kongamano walilolipa jina la SMACC, lililojengwa juu ya mitandao ya kijamii tangu msingi. Hotuba zilirekodiwa na kuwekwa mtandaoni bila malipo. Daktari wa zamu ya usiku aliyeko mbali na jiji lolote angeweza kuzisikiliza akinywa chai yake ya rangi. Janga la korona lilipofunga kumbi zote mwaka wa 2020, hata makongamano makubwa yaliyokuwa yakijivunia majumba yake yalilazimika kuhamia kwenye skrini, na daktari wa Garissa na yule wa New York wakaketi safu moja.

Halafu wako wagonjwa. Huko Marekani, Janet Freeman-Daily, mgonjwa wa saratani ya mapafu aliyegunduliwa mwaka wa 2011, alijifunza kutoka kwa wagonjwa wenzake mtandaoni kwamba kuna aina adimu ya uvimbe iitwayo ROS1, ambayo hupatikana kwa mgonjwa mmoja au wawili hivi kati ya 100. Aliomba apimwe. Akapatikana nayo, akaingizwa katika majaribio ya dawa iliyomfaa, na baadaye akawa mmoja wa waanzilishi wa kikundi cha wagonjwa wa aina hiyo ambao huhudhuria makongamano na kuwaeleza wenzao wanachokisikia. Ona tofauti. Yeye alipata neno la kitaalamu likiwa zima, na neno hilo ndilo lililomfungulia mlango. Kwetu sisi Umoja lilifika shangwe bila neno.

Wala si lazima habari iharibike njiani. Julai 24, 2024, mjini Munich, Ujerumani, Profesa Linda-Gail Bekker wa Cape Town alisimama katika Kongamano la Ukimwi kueleza matokeo ya sindano ya lenacapavir, inayodungwa mara mbili kwa mwaka kumkinga mtu asiambukizwe virusi. Kati ya wasichana na wanawake 2,134 wa Afrika Kusini na Uganda waliodungwa, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi, na simu zikafanya kazi yake. Ujumbe huo ulikuwa mfupi, nao ulikuwa sahihi: walikuwa wengi, walikuwa wa kwetu, na sifuri ni sifuri. Kilichozungumzwa baada ya hapo, tena kwa sauti kubwa, kilikuwa bei. Mwaka mmoja baadaye, Julai 2025, Shirika la Afya Duniani lilitangazia Kigali, katika kongamano lingine la Ukimwi, mapendekezo yake ya kutumia sindano hiyo.

Nani anamlipa?

Jambo moja halionekani kwenye picha ya slaidi. Daktari mwenye wafuasi wengi mtandaoni anapoisifu dawa mpya kutoka ukumbini, msomaji hana njia ya kujua kama tiketi yake ililipwa na watengenezaji wa dawa hiyo. Ukumbini mzungumzaji hutakiwa aanze na slaidi ya kutaja waliomlipa, ile inayopitishwa haraka kama tangazo la sigara. Mtandaoni hakuna slaidi kama hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 katika jarida la JAMA Internal Medicine uliwatazama madaktari 634 wa damu na saratani wa Marekani waliokuwa kwenye Twitter, ukalinganisha majina yao na daftari la serikali linaloorodhesha malipo ya makampuni ya dawa. Karibu wanane kati ya kila 10 walikuwa wamepokea chochote. Ni kweli chochote hicho chaweza kuwa chakula cha mchana tu. Lakini mle chakula hushukuru.

Na uwanja wenyewe unahamahama. Elon Musk aliinunua Twitter Oktoba 2022 na kuibadilisha jina kuwa X Julai 2023, na baadhi ya madaktari wamekwenda LinkedIn, Bluesky na kwingineko. Kwetu hayo hayana uzito mkubwa, kwa maana habari ikitoka popote, kwa jamii nyingi za Kenya mlango wake wa mwisho ni WhatsApp, ambako alama ya reli haipo na aliyeandika kwanza hajulikani.

Simu ya daktari

Jumatatu ya Juni 13 ilipita bila mjomba kwenda hospitalini. Muuguzi alipiga simu, ikapokelewa na mkewe, akaambiwa mzee amesafiri. Mzee alikuwa sebuleni akitazama taarifa ya habari.

Aliyeivunja kimya hiyo ni bintiye, wakati huo mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa uuguzi. Hakubishana naye. Alimwambia, "Baba, kama dawa ipo, si daktari ndiye wa kutuandikia? Twende tumwulize." Mzee hakuwa na jibu la hilo. Jumatano, Juni 22, tuliandamana wanne.

Daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, alimsikiliza mjomba hadi mwisho, pamoja na habari za ploti na za India. Kisha akaitoa simu yake mfukoni, akatafuta kidogo, akaigeuza juu ya meza tuione. Ilikuwa slaidi ya utafiti ule ule.

"Mzee, hii mimi niliiona usiku wa kuamkia Jumatatu, nikiwa kitandani," alisema. "Nilifurahi nikakosa usingizi. Na wewe ulikuwa miongoni mwa wagonjwa niliowafikiria."

"Sasa daktari, kama ni kweli, mbona unanipeleka kwenye mionzi?"

Daktari aliipanua picha kwa vidole viwili hadi yakaonekana maandishi madogo ambayo kwenye nakala yetu, iliyopitia simu nyingi, yalikuwa yamegeuka ukungu. Akamwonyesha nambari 12. Akamwonyesha herufi dMMR, akamweleza yale ya fundi wa kusahihisha. Akamwambia pia bei: wakati ule dozi moja ilitajwa kuwa takriban dola 11,000 nchini Marekani, ambazo kwa ubadilishaji wa siku hizo zilipita shilingi milioni 1.2, na dozi zilikuwa tisa. Mjomba alifumba macho. Nadhani alikuwa akizihesabu ploti.

"Lakini kipande cha nyama yako bado kipo maabara," daktari aliendelea. "Kitapimwa. Ikiwa uvimbe wako ni wa aina hii, tutaketi upya, na hata kama pesa hazipo tutauliza ni wapi majaribio yanafanyika. Kama sio, unarudi kwenye mionzi siku hiyo hiyo. Tumekubaliana, Mzee?"

Nilimwuliza tulipokuwa tukitoka kama hakerwi na watu wanaomletea mambo ya WhatsApp. Alicheka. Alisema anayemkera ni yule asiyemletea, anayebaki nayo nyumbani. Akaniambia yeye huanza na maswali ya kawaida tu: walikuwa wagonjwa wangapi, wa aina gani, wamefuatiliwa kwa muda gani, na ni nani aliyelipia utafiti. Ikiwa ujumbe haujibu hata moja, humwomba jamaa amtumie, naye hutafuta mwanzo wake. Mara nyingi humchukua dakika tano, maana siku hizi muhtasari wa utafiti wenyewe huwa wazi kwa yeyote mtandaoni.

Majibu ya maabara yalitoka baada ya wiki mbili na siku chache. Uvimbe wa mjomba haukuwa wa aina ile. Fundi wake wa kusahihisha alikuwepo kazini, kama alivyo kwa zaidi ya watu 90 kati ya 100 wenye ugonjwa huo. Lakini nafasi yake ya mionzi ilikuwa imepewa mwingine, na foleni ni foleni. Alianza Julai 25, wiki sita baada ya tarehe yake. Kama wiki hizo sita zilimdhuru au hazikumdhuru, hakuna aliyeweza kumwambia, naye aliuliza mara nyingi.

Alipasuliwa Machi 2023. Mfuko anao. Mwanzoni hakutaka watu wamtembelee. Siku hizi hufungua kibanda chake cha kutuma na kupokea pesa saa mbili asubuhi na kuwafokea wateja wanaokosea nambari. Ploti ya Kitengela bado ni yake, ingawa dalali alimnunia kwa mwaka mzima.

Utafiti wa New York nao haukuishia kwa watu 12. Katika kongamano la Chicago la mwaka wa 2024 ilitangazwa kwamba wagonjwa wa puru waliomaliza dawa walikuwa wamefika 42, na wote 42 uvimbe ulitoweka. Mwaka wa 2025 walikuwa 49, na hali ni hiyo hiyo. Wote walikuwa wa dMMR.

Habari za Juni 2024 ziliingia tena katika kikundi cha ukoo, tena kwa herufi kubwa. Safari hii binti yake mjomba, ambaye alikuwa ameshahitimu, aliandika chini yake maneno matatu manne: idadi ya wagonjwa, aina ya uvimbe, na jina la kipimo. Usiku huo shangazi mmoja wa Nakuru alimpigia simu kando. Jirani yake alikuwa amegunduliwa na ugonjwa huo wiki iliyotangulia na alikuwa na miadi na daktari Alhamisi. Alitaka atajiwe zile herufi nne polepole, apate kuziandika kwenye karatasi.